Mvua Isiponyesha Msanzi

Mkulima wa Msanzi, katika nyanda za juu za Ufipa, huitia mbegu ya mahindi ardhini mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, wala havuni mpaka mwaka wa pili masika yakishapita. Baina ya siku hizo mbili hana cha kuuza, ilhali mbolea inatakiwa na watoto wanahitaji madaftari. Akitokea mwenye fedha akampa thamani ya gunia moja, kwa ahadi ya kulipwa mawili baada ya mavuno, atakataaje?

Wafipa walio wengi ni Wakatoliki, na riba kwao si mas'ala ya fikihi. Hata hivyo gunia lile la pili limebeba swali lile lile lililowashughulisha mafakihi kwa karne nyingi: mvua isiponyesha, hasara ni ya nani?

Benki ya kawaida hujibu bila ya kigugumizi kwamba ni ya mkopaji. Fedha imekodishwa mfano wa jahazi, na kodi yake inakwenda, upepo uwepo usiwepo. Lakini jahazi likizama, huzama la mwenyewe. Fedha ya benki ikizama, huzama ya aliyeikopa.

Benki ya Kiislamu, kama Gulf African Bank iliyofunguliwa Kenya mwaka 2008 au Amana iliyoanza Tanzania mwaka 2011, haikodishi fedha. Katika murabaha hununua mbolea yenyewe, kisha humuuzia mkulima kwa faida iliyotajwa mbele yake, alipe kidogo kidogo; akichelewa, bei haipandi. Upo pia mkataba wa salam, unaomwelekea mkulima zaidi: analipwa fedha zote leo kwa mahindi ya kesho, kipimo, sifa na siku vikiwa vimejulikana. Mavuno yakikosekana, mnunuzi husubiri au hurejeshewa fedha yake ile ile, pasi na nyongeza. Na katika mudaraba, mtaji ukiteketea bila ya uzembe wa mfanyaji kazi, aliyeutoa ndiye anayeupoteza. Mwenzake amepoteza jasho lake, nalo si dogo.

Juu ya karatasi, basi, tofauti ni kubwa. Visiwani, hata hivyo, watu wana sababu ya kuitazama karatasi kwa jicho la pili. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba walipobanwa waliuza mashamba yao kwa bei ya khiyari: mkopeshaji alilipa, mwenye shamba akabaki na haki ya kulikomboa kwa kurejesha fedha, na huku akiendelea kukaa humo humo akilipa kodi. Kodi ile ilifanya kazi yote ya riba ila kuitwa kwa jina lake. Madeni yakafika hadi serikali ya Kiingereza kutunga sheria, mwaka 1934, ya kuwekea mipaka uhamishaji wa ardhi ya Waarabu na Waafrika.

Lawama hiyo hiyo huelekezwa leo kwenye murabaha. Benki nyingi hupanga faida yake kwa kuangalia kiwango cha riba sokoni, na mnunuzi anaweza kukuta jumla anayolipa haipishani sana na ya jirani yake wa benki ya kawaida. Si haki kusema kwamba hapana tofauti kabisa: deni lisilokua usiku mtu akiwa amelala ni nafuu ya kweli. Lakini ni nafuu ya mdaiwa, si ushirika wa hasara, na ushirika ndio uliotangazwa mlangoni. Mudaraba na musharaka hutumika kidogo kuliko murabaha kwa sababu ni kazi ngumu. Ushirika wa mahindi ungemtaka mwenye benki afike Msanzi, ayahesabu matuta, na asimame pamoja na mkulima kuangalia mawingu.