Saa ya Kurudi

Kutoka Bagamoyo mjini hadi magofu ya Kaole ni kilomita 5 hivi, na ufuo wote ni tambarare. Ndiyo maana vijana watano wa Dar es Salaam, wafanyakazi wa ofisi moja, waliichagua njia hiyo kwa matembezi ya Jumamosi moja ya mwezi Machi. Hawakuwa wazembe. Dada aliyeandaa safari aliandika kila kitu: kuondoka Dar saa 12 asubuhi, kuanza kutembea saa 2 kutokea soko la samaki, kufika Kaole saa 4, kutazama magofu, kurudi kwa njia ile ile ya pwani, na saa 7 mchana wawe mjini wanakula. Hata habari za maji aliuliza, akaambiwa siku hiyo yangepwa mpaka saa 5. Ulikuwa mpango mzuri, na kama ungefuatwa nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Mmoja alichelewa kuamka. Mwingine akataka wapitie Bunju kuchukua maji na vitafunio, na foleni ya Tegeta ikamaliza asubuhi iliyobaki. Walikanyaga mchanga wa Bagamoyo saa 5 kamili. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, mashua zimelala ubavu, mchanga mgumu unatembeka vizuri kabisa. Karibu na mikoko ya Kaole walivuka kijito cha maji ya chumvi yaliyowafikia vifundoni, wakapiga picha, wakasonga mbele.

Kaole haitazamwi kwa haraka. Kuna msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na kisima cha maji baridi hatua chache tu kutoka baharini. Palikuwa bandari zamani, kisha tope na mikoko vikaziba mbele yake. Vijana walikaa kivulini, wakala, wakasinzia. Walipoinuka ilikuwa inakaribia saa 9. Barabara ipo, bodaboda walikuwa wamekaa pale pale langoni, na nauli walikuwa nayo. Dada aliyepanga safari akasema warudi kwa barabara. Wenzake wakamjibu kwa karatasi yake mwenyewe: imeandikwa tunarudi kwa pwani.

Hapo ndipo lilipo kosa, wala si kwenye kuchelewa. Safari zote huchelewa. Ila mpango ulioandikwa kwa ajili ya saa 2 walikuwa wanautumia mchana, kana kwamba bahari nayo imewasubiri.

Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Tangu yapwe hadi yajae ni saa sita na kidogo. Katika saa ya kwanza hayaonekani hata kusogea, lakini katika saa ya tatu na ya nne huingia karibu nusu ya maji yote. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani hii hupita mita 3, na bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kupita zote. Kuna jambo jingine ambalo mgeni halijui: huku kwetu bamvua hupwa kuelekea adhuhuri na kujaa jioni. Asubuhi inakufungulia ufuo mpana, alasiri inaufunga.

Walipokifikia kijito kilikuwa kimegeuka mkono wa bahari, na mwenye kimo kirefu alipojaribu maji yalimfika kifuani kabla hajafika katikati. Wakaamua kukizunguka kwa ndani, kupitia mikokoni. Ni uamuzi wa mtu asiyeijua mikoko. Mizizi ya mchu imechomoza topeni kama misumari, na ile ya mkoko imejaa chaza wenye makali ya wembe. Viatu viwili vikabaki kwenye tope. Binti mmoja akachanika wayo, kidonda kilichomsumbua wiki kadhaa. Maji ya kunywa yaliisha, na maji ya bahari yakawa yanakuja kutoka pande mbili.

Mvuvi mmoja mzee aliwaona akirudi na mtumbwi wake. Walimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Wanangu, leo mwezi wa ngapi?"

Mmoja akataja tarehe ya Machi.

"Nauliza mwezi wa angani. Leo mwezi pili. Maji haya bado yanakuja mpaka saa 11."

Aliwavusha kwa mafungu.

Bagamoyo imeshawaona wengi waliokawia kuondoka. Mwaka 1871 msafiri wa Kizungu Stanley alikwama hapa wiki kadhaa akisubiri wapagazi na mizigo, na fungu la mwisho la msafara wake likatoka tarehe 21 Machi, masika yakiwa mlangoni. Huko bara walikuta bonde la Makata limefurika, wakalivuka kwenye maji na tope, naye akaugua vibaya. Yeye hakuwa na barabara nyingine. Vijana wetu walikuwa nayo.

Kwa hiyo anayepanga matembezi ya pwani hii aanze na saa ya kurudi. Atazame jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, ahakikishe kila kijito kimevukwa kabla hazijapita saa mbili tangu maji yaanze kujaa, kisha arudi nyuma kuhesabu saa ya kuanza. Saa hiyo ikimpita, abadili njia: aende kwa pwani, arudi kwa bodaboda. Achague mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, na akisema tugeuke wasibishane. Amchukue mwenyeji, maana ufuo mtupu una hatari zake nyingine pia. Na aache habari sokoni: tuko wangapi, tumepita wapi, tunarudi saa ngapi. Mzee yule alipita pale kwa sababu ya nyavu zake tu. Mjini hakuwapo hata mtu mmoja aliyejua kwamba kuna vijana watano mikokoni.