Dawa Ndani ya Bitana Isitulaze

Bibi alikuja kliniki akiwa ameshika shavu kwa kiganja. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akavua meno yake ya bandia ya juu na kuyaweka juu ya leso. Kaakaa lake lilikuwa jekundu, na wekundu huo uliishia palepale lilipoishia bamba la meno. Anayetibu vinywa vya wazee anaijua sura hiyo. Ni fangasi, hasa wale waitwao kandida, walioota kati ya akriliki ya bamba hilo na nyama ya kinywa.

Ninaisimulia habari hii kwa sababu mimi ndiye niliyemtibu, na mimi ndiye niliyekosea. Ewe unayesoma, uwe tabibu, fundi wa meno au mjukuu wa mzee mwenye meno ya bandia, nakuomba usiipite njia niliyoipita.

Meno yake yalikuwa yamelegea na kumchubua, nikaamua kuyawekea bitana laini. Ni unga unaochanganywa na kimiminika mpaka uwe kama uji mzito, kisha hupakwa upande wa ndani wa bamba ili ufizi ulalie kitu chororo. Nikaona nitie na dawa humohumo.

Wazo lenyewe si baya. Nistatini, dawa iliyogunduliwa New York mwaka 1950 na Elizabeth Hazen na Rachel Brown, haiingii kwenye damu kwa kiasi cha maana mtu akiimeza. Huwaua fangasi pale inapowagusa. Mzee akisukutua nayo, mate huiosha upesi, na kusukutua mara nne kwa siku ni rahisi kusahau. Ikiwa ndani ya bitana, dawa hulala juu ya kidonda chenyewe. Basi nikasaga vidonge, nikachanganya. Kisha nikaongeza vingine, nikijiambia kwamba dawa ikizidi haidhuru.

Siku ya tano alirudi akitabasamu. Maumivu yalikuwa yamepungua. Nilifurahi, nikamwambia, "Bibi, ukiona shida, rudi." Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Sikumpa tarehe.

Bitana ya aina hii hutengenezwa kwa ajili ya siku chache, au wiki mbili hivi. Spiriti iliyomo hutoka mapema, kilainishi hufuata polepole, na mate huingia ndani yake. Hapo bitana huanza kukakamaa, kukwaruza na kupata vitundu. Dawa nayo hutoka kwa wingi siku za mwanzo, kisha hubaki kidogo mno isiweze kuzuia kitu. Kwa hiyo ulinzi huisha wakati uleule bitana inapogeuka kuwa nyumba nzuri ya fangasi. Nilijua kwamba bitana huchakaa, lakini kule kutia dawa kulinifanya nione kwamba kazi imekwisha.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Bitana ilikuwa imebadilika rangi na ilinuka. Kingo zake zilikuwa zikimomonyoka, maana unga wa dawa niliouzidisha, pamoja na viungo vya kidonge visivyo dawa, ulikuwa umeidhoofisha. Kaakaa lilikuwa jekundu kuliko mwanzo, na pembe za midomo zilikuwa zimepasuka.

Nilipokaa na kukumbuka, niliona kwamba hakuna alichonificha. Siku ya kwanza aliomba maji ya kunywa mara mbili. Nilimpa, nisimuulize. Tulipompima sukari miezi mitatu baadaye, tulikuta kisukari, ugonjwa unaowapa fangasi nafasi ya kustawi. Siku ileile ya kwanza nilimuuliza kama huvua meno usiku, akasema, "Nikivua, wajukuu wataniona kibogoyo." Nilicheka naye, nikaendelea kuchanganya dawa. Na siku ya tano aliniambia kwamba ule uchungu wa dawa hausikii tena mdomoni. Niliipokea kama habari njema, kumbe huenda ilikuwa ndiyo taarifa kwamba dawa imepungua. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Bibi ndiye aliyelala na yale meno, na ilinipasa nimsikilize.

Tuliibandua bitana yote, tukayasafisha meno, tukampeleka kliniki ya kisukari. Bitana mpya haikuwa na dawa, na ilibadilishwa kwa tarehe. Nistatini aliitumia kwa kusukutua, na mjukuu wake ndiye aliyemkumbusha. Usiku meno yalilala kwenye kikombe cha maji. Kaakaa likapona, na baadaye akatengenezewa meno mapya yanayomkaa sawasawa.

Ndugu zangu, sisemi dawa isitiwe kwenye bitana. Wako wagonjwa inaowafaa, hasa mzee asiyeweza kusukutua mwenyewe. Lakini tuulize kwanza kwa nini fangasi wameota: sukari, kulala na meno kinywani, usafi, bamba lililolegea. Tusibuni vipimo vyetu. Tuulize pia dawa anazotumia, kwa kuwa hata mikonazoli, dawa nyingine ya fangasi ya kupaka kinywani, ikikutana na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kuleta damu isiyokatika. Na ninyi mnaotunza wazee nyumbani, mkisikia harufu, mkiona midomo imepasuka au bitana imekakamaa, msingoje maumivu. Wekundu huu mara nyingi hauumi kabisa, ndiyo maana hukaa muda mrefu bila kujulikana.

Siku hizi, kabla sijafungua chupa ya unga, huandika kwenye kadi ya mgonjwa siku ya kuitoa bitana, kisha humsomea mbele ya aliyemsindikiza. Nakusihi nawe ufanye vivyo hivyo. Kama tarehe haijaandikwa, dawa isichanganywe.