Je, Tabibu wa Mbali Amemzuru Mgonjwa?

Baadhi ya watu huuliza: Je, tabibu amwonaye mgonjwa mahututi katika kioo cha simu, naye yu mbali maili 200, aweza kusemwa kwamba amemzuru? Swali hili si la mchezo. Huko Marekani robo hivi ya wanajeshi wa zamani huishi mashambani, na wengi wao ni wazee. Tangu mwaka 2018 kanuni imewaruhusu matabibu wa idara ya serikali inayowahudumia kuwatibu kwa njia hiyo, hata walio katika jimbo jingine.

Wapingao husema kioo hakina mkono. Ni kweli, wala hatuwezi kukana. Kioo hakimgeuzi mgonjwa kitandani, wala hakimfuti jasho. (Tena yako mabonde ambako intaneti yenyewe haifiki.) Lakini na wafikiri: mzee ambaye saratani imemwingia mifupani, akipakiwa garini mwendo wa saa nne ili tu aongezewe dawa ya maumivu, je, huko ndiko kumheshimu? Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu yao si ya mwili tu, bali pia ya moyo na roho. Askari mzee huenda anayo mambo ya vitani ambayo hajamwambia hata mkewe. Hayo yahitaji sikio lenye subira, na sikio laweza kuwa mbali.

Basi ubaya haumo katika chombo. Umo pale kinapopelekwa kioo ili asipelekwe muuguzi. Mke aliyeachiwa chupa ya mofini na namba ya simu, peke yake usiku, hakusaidiwa, ameongezewa mzigo.