Je, Yatupasa Kuwachanja Watoto Wote Tetekuwanga?

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ni nadra kumwona mzazi anayeiogopa tetekuwanga. Mtoto akitokwa na vipele vya maji, husemwa kwamba ni tetekuwanga tu: atalala siku chache, atapakwa dawa ya kutuliza mwasho, kisha atarudi shuleni. Wengine hufurahi hata, wakisema heri aipate angali mdogo, amalizane nayo. Walakini twasikia kwamba katika nchi kadha watoto wote huchanjwa dhidi ya ugonjwa huo, na kwamba hapa kwetu baadhi ya hospitali binafsi za mijini huitoa chanjo hiyo kwa mwenye fedha. Ndipo wazazi huuliza: Je, yafaa watoto wetu wote wachanjwe, kama wachanjwavyo surua na pepopunda?

Kwa juujuu swali hili laonekana kuwa la matabibu peke yao. Sivyo. Ndani yake mna swali la haki: mzigo wa ugonjwa aubebe nani? Na hilo ni swali la kila mwenye dhamiri.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Tetekuwanga huletwa na virusi vinavyoenea kwa hewa na kwa kugusana. Tangu kuambukizwa hadi kutokwa vipele hupita siku 10 hadi 21, na mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla vipele havijaonekana, mpaka vyote vikauke. Watoto wengi hupona bila madhara. Lakini mtu mzima huugua vibaya zaidi, na mara nyingine hushikwa na nimonia. Mama mja mzito yumo hatarini, na mtoto mchanga ambaye mamaye anaugua karibu na siku ya kujifungua aweza kufa. Kadhalika wenye saratani, na wote ambao kinga ya miili yao imedhoofika. Tena wataalamu wameona kwamba katika nchi za joto wengi hukua bila kuugua tetekuwanga utotoni, wakaja kukutana nayo ukubwani. Basi methali ya nyumbani, kwamba ni ugonjwa wa watoto, haimlindi mwanafunzi wa bweni wala mama kijana anayetarajia mtoto wake wa kwanza.

Zaidi ya hayo, virusi hivyo haviondoki mwilini. Hujificha katika mishipa ya fahamu, na baada ya miaka mingi vyaweza kuamka kwa sura ya mkanda wa jeshi. Watu wa Kagera hawana haja ya kuelezwa mkanda wa jeshi. Tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mkoani humo, wengi waliutazama kwa hofu, kwa kuwa uliwashika mara kwa mara wale ambao kinga yao imepungua. Mbegu yake ni ile ile ya tetekuwanga tunayoicheka kwa watoto.

Chanjo yenyewe ilibuniwa Japani na daktari Michiaki Takahashi, aliyetangaza kazi yake mwaka 1974. Marekani waliiingiza katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 1995. Kabla ya hapo, katika nchi hiyo tajiri, watu wapatao milioni 4 waliugua kila mwaka, na 100 hadi 150 kati yao walikufa. Baada ya chanjo, idadi hiyo ilishuka sana. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama chanjo hii yafaa kitu. Yafaa. Lililobaki ni kujua yampasa nani, lini, na kwa utaratibu gani.

Tutazame mfano wa Uingereza. Kwa miaka mingi nchi hiyo ilikataa kuwachanja watoto wote, ingawa uwezo ilikuwa nao. Sababu moja ilikuwa hii: ilidhaniwa kwamba mtu mzima akikutana mara kwa mara na watoto wenye tetekuwanga, kinga yake ya zamani huamshwa, asipate mkanda wa jeshi. Watoto wakichanjwa wote, wazee wangeikosa faida hiyo. Maana yake, watoto waliachwa waugue, na jambo hilo likahesabiwa kuwa kinga ya wakubwa wao.

Je, ni halali? Mtetezi wake atasema kwamba serikali haikumwambukiza mtoto yeyote, iliacha tu mambo yaende kama yalivyokwenda siku zote. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa maana kutokuzuia si sawa na kutenda. Lakini mlezi hahukumiwi kwa aliyotenda tu. Mwenye dawa mkononi, akimnyima mtoto ili homa ya mtoto huyo imfae mtu mwingine, amekwisha kumfanya mtoto kuwa chombo. Mkubwa ndiye huubeba mzigo wa mdogo. Huo ndio utaratibu wa ubaba na umama, na taifa likiupindua lapaswa kuwa na sababu nzito sana. Hatimaye ikaonekana kwamba sababu hiyo haikuwa nzito kama ilivyodhaniwa, kwani miaka mingi ya chanjo huko Marekani haikuleta ongezeko la mkanda wa jeshi lililohofiwa. Novemba 2023 kamati ya washauri wa serikali ya Uingereza ilipendekeza watoto wote wachanjwe, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kwamba chanjo itaanza Januari 2026.

Msomaji ataweza kusema: ikiwa hivyo ndivyo, na sisi tuanze kesho. Hapo yatupasa kusimama kidogo, kwa maana hatari yetu ni nyingine. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba nchi itakayochagua chanjo hii ihakikishe yawafikia watoto wasiopungua 80 katika kila 100, na kwamba yadumu hivyo mwaka baada ya mwaka. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Tukichanja nusu tu, ugonjwa hautakwisha, bali utapunguza mwendo. Mtoto asiyechanjwa hataupata akiwa na miaka 5. Ataupata akiwa na miaka 20 au 25, umri ambao ugonjwa huuma zaidi.

Na mtoto huyo asiyechanjwa atakuwa nani? Hatakuwa mtoto wa mkubwa wa ofisi mjini Kayanga. Atakuwa mtoto wa mkulima wa migomba na kahawa akaaye mbali na zahanati, au wa familia inayoishi ng'ambo ya vilima, karibu na mto Kagera, ambako mama hutembea nusu siku mgongoni akiwa na mtoto na kichwani akiwa na mzigo. Hivyo mpango wa nusu ungekuwa wema kwa aliye karibu na hasara kwa aliye mbali. Tena hasara hiyo ingemjia bila yeye kuulizwa. Kuna mema ambayo hayawezi kutendwa nusu, kwa kuwa ile nusu iliyoachwa huwa mbaya kuliko kama lisingalitendwa lolote.

Kisha kuna hesabu ya fedha. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, na leo huwakinga watoto bila malipo dhidi ya kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, surua na mengineyo. Tangu 2018 wasichana nchini kote hupewa pia kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Tetekuwanga haimo. Nao mfuko wa kimataifa wa Gavi, unaosaidia nchi kama yetu kununua chanjo, hauigharimii hiyo. Wakati huo huo surua, iliyo kali kuliko tetekuwanga, haizuiliki vema mpaka watoto 95 katika 100 wawe wamekingwa. Mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9, kisha miezi 18, na wako wengi wasiorudishwa mara ya pili. Si haki kutafuta fedha za ugonjwa mwepesi, hali mlango wa ugonjwa mzito haujafungwa.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kwa taifa, bado. Hatusemi kamwe. Siku tutakapoweza kumfikia mtoto wa mwisho wa Kyerwa na chanjo zote zilizopo, siku hiyo itakuwa halali, na hata wajibu, kuongeza hii.

Na mzazi mwenye uwezo afanyeje? Akimchanja mwanawe hakosi, tena atenda vema, hasa kama nyumbani mwake mna mgonjwa dhaifu. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo hapewi mja mzito wala mtu aliyepungukiwa sana na kinga. Wanaoihitaji kuliko wote ndio wasioweza kuipokea. Hulindwa tu na afya ya walio kando yao.

Wako wanaosita kwa kuwa virusi vya chanjo hii hukuzwa katika chembe ambazo asili yake ni mimba zilizotolewa katika miaka ya 1960. Dhamiri yao yastahili heshima. Jambo hilo hilo laihusu chanjo ya rubela, ambayo tangu 2014 hutolewa nchini pamoja na ile ya surua. Mwaka 2005 Taasisi ya Kipapa ya Maisha ilieleza kwamba, pasipo chanjo nyingine, mzazi aweza kuitumia hiyo kwa ajili ya usalama wa watoto na wa jamii, huku akidai zitafutwe zisizo na doa hilo. Kumlinda mtoto si kuukubali uovu ambao mzazi hakuutenda wala kuutaka.

Lakini wazazi wengi wa Karagwe na Kyerwa hawana fedha za chanjo hiyo, nao hawakuachwa bila wajibu. Mtoto mwenye vipele abaki nyumbani mpaka vikauke vyote, asipelekwe shuleni, sokoni wala kanisani. Jirani aliye mja mzito apewe habari mapema. Kucha za mtoto zikatwe, wala asipewe aspirini, maana yaweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo. Akihema kwa shida, au akilegea, apelekwe kwa tabibu pasipo kukawia. Na vipele visivyo vya kawaida visihukumiwe nyumbani: mwaka 2024 ugonjwa wa mpox uliingia Uganda, Rwanda na Burundi, majirani wa Kagera, na Machi 2025 ulithibitishwa Tanzania pia.

Zaidi ya yote, tuache desturi ya kuwalaza wazima pamoja na mgonjwa ili wote waugue mara moja. Mzazi afanyaye hivyo hujipimia hatari ya mwanawe peke yake. Hajui ugonjwa utakaotoka nyumbani mwake utamkuta nani. Mchuma janga hula na wa kwao.

Ndui, iliyowatisha babu zetu, ilikomeshwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alionekana mjini Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba imekwisha. Haikwisha kwa sababu miji mikubwa ilichanjwa vizuri. Ilikwisha kwa sababu watu walimfuata mgonjwa hadi kibanda cha mwisho. Wanaopanga chanjo za watoto wetu na waanzie hapo, na mwenye kadi ya kliniki sandukuni aitazame leo kama ile ya miezi 18 imeandikwa.