Mtoto aulize kwanza, ndipo achore

Siku ya Madaraka mwaka 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotoa tuzo za uzalendo kwa Wakenya waliojitolea wakati wa janga la korona, miongoni mwa waliotuzwa alikuwamo mvulana wa miaka tisa kutoka kijiji cha Mukwa, Kaunti ya Bungoma. Stephen Wamukota alikuwa ameunda kifaa cha mbao cha kunawia mikono. Unakanyaga ubao chini, ndoo inainama, maji yanamiminika, na mkono wako haujagusa mahali palipoguswa na mwingine. Nchi nzima ilimsifu, naye alistahili.

Mimi lakini humkumbuka sana babake. Mbao zile alikuwa amezinunua atengenezee fremu ya dirisha. Siku moja akarudi kutoka kazini, akakuta zimeshakatwa na kupigiliwa misumari. Kifaa kilikuwa bado kinayumba. Akakikaza, wazo akaliacha kuwa la mwanawe. Wengi wetu tungeanza kwa kuuliza habari za dirisha, tena kwa sauti ya juu, na pengine mambo yangeishia hapo.

Nayaleta haya kwa sababu siku hizi, kuanzia Kitale hadi Bungoma, wazazi wanaulizana habari za watoto kubuni apu za simu. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule za msingi na za sekondari, na kabla ya hapo, mwaka 2016, vishikwambi vilikuwa vimeanza kupelekwa katika shule za msingi za umma. Mzazi akisikia haya huuliza kwanza: shule ina kompyuta ngapi? Ni swali la haki. Ila sehemu ya somo hili ninayoipenda kuliko zote haihitaji hata umeme.

Njia ninayoizungumzia inaitwa fikra za usanifu, na mmoja wa walioieneza ni David Kelley wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mtoto hukatazwa kuchora chochote kabla hajamwendea mtu mwenye shida na kumsikiliza. Akishasikia, anaitaja shida hiyo kwa maneno machache, anawaza njia nyingi za kuitatua, kisha anachora kurasa za apu yake kwenye karatasi na kumpa yule mtu ajifanye anaitumia. Mtu akikwama, kosa ni la mchoro. Mtoto anarudi kuchora upya.

Niliwahi kuketi mjini Kitale na watoto wa gredi ya saba waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Wasichana wawili walikuwa wamechagua mahindi, na mtoto wa Trans Nzoia atachagua nini kingine? Huu ndio mji ilikoanzishwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya mwaka 1956, na msimu wa mavuno ukifika hakuna nyumba isiyozungumzia bei ya gunia. Walichora apu ya kuonyesha bei hiyo Kitale, Bungoma na Eldoret. Waliikata manila ikawa na umbo la simu, wakaipaka kijani, wakachora hindi juu kabisa na nafasi ya kuandika nywila. Ilipendeza. Wakaipeleka sokoni kwa mama mmoja anayeuza mahindi kwa gorogoro.

Mama akapangusa mikono kwenye leso, akaipokea ile karatasi kana kwamba ni simu kweli, akaisogeza karibu na macho. "Sasa mnataka nifinye wapi, wanangu?" Kidole gumba chake kilifunika vitufe vitatu kwa mpigo. Akajaribu tena, akacheka, kisha akatoa simu yake kwenye mfuko wa aproni: kabambe, simu ndogo ya vitufe, iliyofungwa kwa raba, namba tano imefutika. Apu haiingii humo. Msichana mmoja akamtazama mwenzake, na kwa muda hakuna aliyesema neno. Halafu akauliza swali ambalo hakuwa ameliandika daftarini: "Mama, bei ya gunia huwa unaijuaje?"

"Bei naijua, mwanangu. Hata redioni wanataja. Broka akija anauma punje, anasema hazijakauka, anakata pesa. Nitamjibu nini?"

Bodi ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na kipimo chake ni mashine. Kipimo cha yule mama kilikuwa meno ya broka. Kwa hiyo wasichana hawa walikuwa wamebuni jibu safi la swali ambalo hakuna aliyewauliza. Waliporudi darasani, manila ya kijani iliwekwa kando. Wakaanza kuchora njia ya kumwezesha mkulima kutuma ujumbe mfupi kwa simu yoyote ile, ajibiwe ni wapi karibu naye anapoweza kupimiwa unyevu kabla ya kuuza. Ni kazi ya karatasi bado, na huenda isivuke hapo. Lakini nilimwona mtoto wa miaka kumi na miwili akikiacha kitu alichokitengeneza kwa mikono yake na kukipenda, kwa sababu alikuwa amemsikia mtu mzima vizuri. Sijui mtihani gani wa shule hupima hilo.

Wala kabambe si ya kudharauliwa. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilitumika kwenye simu za aina hiyo, na ndiyo maana ilifika hadi kwa muuza mboga. Huduma ya iCow ya Su Kahumbu, iliyoshinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010, ilimfikia mfugaji kwa ujumbe mfupi, ikimkumbusha siku za ng'ombe wake. Mtu aliyebuni hivyo alijua mfugaji ana simu gani mkononi.

Kuna jambo moja linalotutatiza sisi wa upande huu. Mtoto wa Kibukusu akitumwa kwa kukhu, yaani nyanya yake, anatoa salamu ya mulembe, anafikisha ujumbe, anakaa kimya. Hamhoji mkubwa. Malezi hayo nayaheshimu, na nadhani yanamfaa mbunifu kuliko tunavyodhani, maana mtoto aliyezoea kunyamaza mbele ya wakubwa tayari anajua kusikiliza. Anachokosa ni ruhusa ya kuuliza swali la pili. La kwanza atauliza, kwa kuwa mwalimu amemtuma. Akishajibiwa, "Ndivyo ilivyo," anainamisha kichwa na kushukuru. Swali la pili, lile la "kwa nini?", anahofia litaonekana utovu wa adabu. Ni juu yetu wakubwa kumwondolea hofu hiyo kwa kumjibu kwa upole, hata pale swali linapotugusa pabaya.

Wapo watoto waliothubutu. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Kisumu Girls walifika fainali za Technovation huko California na apu yao ya i-Cut, inayomuunganisha msichana aliye katika hatari ya kukeketwa na vituo vya kumwokoa, na pia kumwelekeza aliyekwisha kukeketwa apate msaada wa kisheria na wa matibabu. Mwaka 2019 wakawa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Ukeketaji si desturi ya Waluo, jamii wanakotoka. Walilichukua jambo hilo kwa sababu walikuwa na marafiki waliokeketwa, na mmoja wao alimpoteza hivyo rafiki wa shuleni aliyekuwa na akili sana: hakurudi tena darasani. Swali la pili waliliuliza wasichana hao, juu ya jambo ambalo wakubwa wengi hulinong'oneza tu.

Ndiyo maana huniuma kuona mashindano ambayo mtu mzima amechora kila kitu, mtoto kazi yake ni kukariri maelezo mbele ya majaji. Mtoto huyo amenyimwa kwenda sokoni, amenyimwa kukwama, na anarudi nyumbani na cheti. Anayemkazia mtoto misumari ni mzazi mwema. Anayemnyang'anya nyundo hamsaidii.

Kwa hiyo ombi langu ni kwako mwenye duka la pembejeo pale Kitale, kwako wa boda boda unayesubiri abiria Kanduyi, kwako muuguzi wa zahanati na wewe mama wa kuku Chwele. Wakikujia watoto wawili na daftari, wape dakika kumi. Waambie mambo yalivyo, usiwapambie. Na wakikupa simu ya karatasi, ibonyeze kwa kidole, na ukikwama uwaonyeshe ni wapi hasa umekwama.