Zamu ya Mtu na Saa ya Mwenzake

Methali za Kiswahili hazikubaliani kuhusu mwendo. Moja huonya kwamba haraka haraka haina baraka. Nyingine huijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Moja humsifu mwenda pole kwa kuwa hajikwai. Nyingine humtisha mchelewaji kwamba atamkuta mwana si wake. Wahenga hawakuona kasoro katika ugomvi huo, kwani kila methali hutolewa mahali pake. Hata hivyo zote nne zina tabia moja: zinamtazama yule mwenye kwenda. Mguu unaojikwaa ni wake, tumbo linaloumia ni lake, na mwana anayemkosa ni wake. Limebaki swali ambalo hata moja kati ya hizo halikuligusa. Mtu anapokawia njiani, na nyuma yake wamo wengine wasioweza kumpita, muda unaopotea ni mali ya nani?

Swali hilo halina haja ya kutafutiwa mahali pa mbali. Kagongwa ni mji mdogo wa Kahama, mkoani Shinyanga, kandokando ya barabara itokayo Isaka, penye bandari kavu na reli, kuelekea Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Sifa yake ni mpunga. Msimu wa mavuno ukifika, mpunga huanikwa juu ya maturubai, hutiwa magunia, kisha hupelekwa kwenye mashine za kukoboa. Huko hukutana watu wa kila namna: mfanyabiashara mwenye shehena ya kujaza lori, na mama mwenye magunia mawili, ambaye mchele wake ndio ada ya shule ya mwanawe. Mashine ina mdomo mmoja. Iwapo mwenye shehena atasimama hapo akibishana na dalali juu ya bei, gunia lake limeziba njia na mashine inanguruma bure, basi bei anayoipigania ni yake, lakini jua linalozama ni la wote. Wingu likitanda, turubai litakalolowa si lake. Ni la yule wa mwisho katika foleni.

Mahali ambapo swali hili limefikiriwa kwa makini na kuandikiwa sheria ni pale ambapo msomaji wa pwani hatapatarajia: katika mchezo wa gofu. Mchezo huo una sifa ya kuwa wa matajiri, wenye nafasi ya kutembea nusu ya siku wakifuata kimpira kidogo cheupe. Mkoani Shinyanga uliingia kwa mlango wa migodi. Mji wa almasi wa Mwadui, uliokua baada ya John Williamson kugundua almasi hapo mwaka 1940, ulikuwa na kiwanja chake cha gofu. Lakini mchezo usihukumiwe kwa nguo za wachezaji wake. Kiwanja kamili kina mashimo 18, na makundi ya watu watatu au wanne huingia moja baada ya jingine, yakipishana kwa dakika chache. Hakuna kundi linaloweza kupiga mpira mpaka lililo mbele liondoke, maana mpira wa gofu waweza kuua. Kwa hiyo kiwanja kizima ni mnyororo. Kundi moja likisimama dakika tano kwenye shimo la tatu, dakika hizo hazibaki hapo. Hurudi nyuma kwa kundi la pili, la tatu na la kumi, na yule atakayeanza alasiri atamalizia gizani kwa kosa la mtu ambaye hakumwona hata kisogo.

Sheria za kwanza za mchezo huo zilizohifadhiwa kwa maandishi ziliandikwa Leith, karibu na Edinburgh, mwaka 1744. Zilikuwa 13, na mojawapo ilisema kwamba yule ambaye mpira wake uko mbali zaidi na shimo ndiye atakayetangulia kupiga. Haikumtanguliza mwenye cheo, wala mwenye umri, wala aliyefika kwanza, bali aliyebakiwa na safari ndefu. Kwa karne nyingi huo ndio uliokuwa utaratibu wa heshima. Lakini heshima nayo huchoka ikitumiwa bila akili. Ilikuwa aliye mbali hajajiandaa, anasafisha fimbo yake, anapima upepo, huku wenzake watatu walio tayari wamesimama kama nguzo wakimngoja. Ndipo sheria mpya, zilizoanza kutumika mwaka 2019, zilipowaruhusu na hata kuwahimiza wachezaji wa mashindano ya kuhesabu mikwaju kwamba aliye tayari apige, mradi asimhatarishe mtu. Sheria hizo hizo zinashauri mkwaju usizidi sekunde 40 tangu mchezaji awe na nafasi ya kupiga bila kizuizi. Anayechelewesha mchezo bila sababu huongezewa mkwaju mmoja, akirudia, miwili, na mara ya tatu hutolewa mashindanoni.

Kuna watakaoona huko ni kuingiza kiwandani jambo lililokuwa la starehe. Pingamizi hilo lina uzito, hasa katika visiwa ambako utulivu ni sehemu ya adabu na anayekimbia huulizwa kuna msiba gani. Kufikiri kunataka muda. Mchezaji aliye mbele ya shimo, akisoma mteremko wa majani, anafanya kazi isiyo tofauti sana na ya malenga anayetafuta kina. Je, na malenga naye ahesabiwe sekunde?

Jibu limo katika bao, mchezo ambao pwani inaujua kuliko gofu, na ambao Wasukuma wanao ndugu yake waitwao isolo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna saa ukutani inayomhimiza mchezaji. Hata hivyo mchezaji hodari ni mwepesi. Si kwamba hafikiri. Amefikiri wakati mwenzake anacheza. Kete ya mwenzake inapolala, yeye amekwisha kuiona njia yake, na mkono wake unachota. Mchezaji dhaifu huanza kufikiri pale zamu inapomfikia, kana kwamba mchezo ulikuwa umelala mpaka alipoamshwa. Basi lawama haiwi juu ya kufikiri polepole. Lawama ni juu ya kuanza kufikiri kwa kuchelewa. Mwenye kungoja ana muda wake mwenyewe, autumie apendavyo. Zamu ikimfikia, ameshika muda wa watu. Malenga katika majibizano hujua hayo kuliko mtu yeyote: beti la mpinzani linapoghaniwa, yeye hasikilizi tu, bali anatunga.

Sheria ngumu kuliko zote katika jambo hili inahusu mpira uliopotea. Zamani mchezaji aliruhusiwa kuutafuta kwa dakika tano. Tangu mwaka 2019 ni tatu. Zikipita, mpira umepotea hata kama utaonekana sekunde inayofuata, na mwenyewe hurudi alikopigia, akiwa ameongezewa mkwaju. Wako wanaoiona sheria hiyo haina huruma. Lakini iangaliwe upande wa pili. Katika dakika hizo tatu si mwenye mpira peke yake anayetafuta. Kwa desturi, wenzake wa kundi, ambao wengine ni washindani wake, huingia vichakani pamoja naye, na walio nyuma husimama. Dakika tatu hizo ni sadaka ya wote kwa mmoja aliyepatwa na hasara, na sheria imeifanya sadaka hiyo kuwa haki yake. Ilichokataa ni kwamba hasara ya mtu mmoja iendelee kukatwa katika siku ya watu wengine bila mwisho.

Watu wa pwani wana mfano mzito zaidi wa jambo hilo. Anapofariki mtu, majirani huacha kazi, hukaa na wafiwa, hupika, huswali, hupokea wageni. Na tanzia ina siku tatu. Hakuna anayedhani kwamba huzuni ya mama huisha siku ya tatu. Siku zile ni kipimo cha kile ambacho jamaa na majirani hukiweka chini kwa ajili yake. Baada ya hapo mvuvi hurudi baharini na mkulima shambani, na mwenye msiba hubaki na huzuni yake, akitembelewa lakini bila kuisimamisha mitaa. Kipimo hicho ndicho kinachoiwezesha huruma kurudi tena kesho kwa mfiwa mwingine. Huruma isiyo na mpaka huwachosha watu upesi, na anayeumia kwa uchovu huo ni yule ambaye zamu yake ya kuhurumiwa haijafika.

Katika gofu, kwa sehemu kubwa, hapana mwamuzi anayemfuata mchezaji. Kila mtu hujihukumu. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, Bobby Jones aliona mpira wake umetikisika kidogo alipokuwa akijiandaa kupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Alijiongezea mkwaju mmoja, akamaliza sawa na Willie Macfarlane, na kisha akashindwa katika mchezo wa marudio. Kisa hicho husimuliwa kila mahali kama mfano wa uaminifu, na kinastahili. Lakini kosa la kukawia ni gumu zaidi kuliungama. Mpira uliotikisika ni jambo lililotokea, mwenyewe ameliona. Ukawiaji hauonekani na mwenye kukawia. Kila mtu humwona aliye mbele kuwa mzito na aliye nyuma kuwa na papara, na yeye mwenyewe kuwa ndiye mwenye mwendo wa wastani. Kwa hiyo wachezaji wenye adabu wana kanuni nyepesi ya kujipima: mahali pa kundi ni nyuma ya lililo mbele yake, wala si mbele ya lililo nyuma yake. Anayetaka kujua kama amechelewa asiwatazame wanaomngoja, kwani atawakasirikia. Atazame kama mbele yake pamebaki uwazi. Pakiwa na uwazi, na nyuma wapo watu, amewapa wengine madeni bila kuwauliza, na adabu inamtaka asimame kando awapishe.

Wasukuma walilitatua jambo hili shambani kwa njia yao. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe, wakulima hulima kwa mstari na mdundo ndio unaoweka mwendo. Mwenye nguvu haendi mbele kujionesha, na mchovu habaki nyuma peke yake. Ngoma si ya mtu mmoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba mwendo ule ni wa kumwonea.

Palipo na mfumo wa namna hiyo, swali la haki huwa jepesi. Pasipokuwapo, hujitokeza ukweli usiopendeza: muda wa watu haupotezwi kwa usawa. Mkubwa humngojesha mdogo, na ni nadra kinyume chake. Kwenye viwanja vya gofu vya Afrika Mashariki, nyuma ya kila mchezaji anatembea kedi, kijana aliyembebea mfuko wa fimbo, na kwa kawaida hulipwa kwa mzunguko. Kundi likienda vyema, aweza kumaliza mzunguko wa asubuhi na kupata mwingine mchana. Likizubaa, siku yake imekwisha kwa ujira mmoja. Mwanachama aliyesimama kwa dakika nyingi akisimulia mkwaju wake wa wiki iliyopita anaamini kwamba anautumia muda wake. Hajui, au hapendi kujua, kwamba sehemu ya muda huo ilikuwa chakula cha jioni cha nyumba nyingine. Ndivyo ilivyo na mwenye shehena kwenye mdomo wa mashine ya Kagongwa, na karani anayeinuka dirishani foleni ikiwa imefika barabarani, na mgeni rasmi anayeufanya ukumbi mzima umngoje kwa saa mbili.

Kwa hiyo methali zile nne zinaweza kuachwa katika ugomvi wao, zikaongezewa swali moja la kuulizwa kabla ya kuchagua ipi itumike. Anayekwenda peke yake na aende pole kadiri apendavyo. Hajikwai, na hakuna anayemdai. Mwenye watu nyuma yake hana budi kugeuka kwanza na kuwahesabu, kisha aangalie kati yao ni yupi ambaye kungoja kutamgharimu zaidi, kwa maana huyo mara nyingi ndiye asiyeweza kupaza sauti.