Mifupa, Nyama na Ngozi, bila Pumzi

Nabii Ezekieli alipooneshwa bonde la mifupa mikavu, mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mifupa iliungana, zikaja kano, ikaja nyama, mwisho ngozi ikafunika yote. Hapo kazi ikasimama: miili ilikuwa kamili lakini haina pumzi. Kila nisomapo sura hiyo ya 37 huwafikiria mafundi wanaojaza ngozi za simba na chui kwa ajili ya makumbusho. Nao hufuata njia hiyo hiyo, na husimama pale pale.

Zamani ngozi ilishindiliwa nyasi kavu kama gunia. Carl Akeley, Mmarekani aliyeanza kazi katika Jumba la Makumbusho la Field huko Chicago mwaka 1896, alikuwa miongoni mwa walioibadili kazi hiyo. Alianza na mifupa, akafinyanga misuli kwa udongo, akatoa kalibu ya plasta, na ngozi ikavikwa mwisho juu ya umbo jepesi. Fundi wa namna hiyo hana budi kumjua mnyama. Kombe la bega la simba halikuunganishwa na kiwiliwili kwa mfupa bali limeshikwa na misuli, ndiyo maana anaponyata mabega huinuka na kushuka kwa zamu juu ya mgongo. Mboni yake ni ya mviringo, si mwanya mwembamba kama ya paka wa nyumbani. Na akitoa meno kwa hasira, hulaza masikio nyuma.

Niliwahi kumwona chui sebuleni kwa mtu: mdomo wazi, meno yote nje, masikio yamesimama kama ya mbwa anayeitwa kula. Wageni walimsifu sana. Mimi niliona mnyama yule anasingiziwa.

Je, mnyama aweza kusingiziwa? Amri inayokataza ushahidi wa uongo humtaja jirani, na chui si jirani. Lakini yeye hakujiumba. Anayempotosha amesema uongo pia juu ya mkono uliomfanya.

Kwa simba wawili wa Tsavo swali hili huwa zito zaidi. Mwaka 1898 waliwala wafanyakazi wa reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, mpaka John Patterson, msimamizi wa daraja la pale, alipowapiga risasi mwezi Desemba. Ngozi zao zilikaa kama mazulia kwa takriban robo karne, kisha akaliuzia jumba lile la Field. Zilikuwa zimechakaa na kukatwa kingo. Fundi Julius Friesser aliwasimamisha kwa ngozi aliyokuwa nayo, na hadi leo wako Chicago, wadogo kuliko walivyokuwa hai. Walikuwa madume wasio na manyoya ya shingoni, naye hakuwabandika ya kuwapendezesha. Hapo namheshimu. Anayekwenda kutazama zimwi hukutana na simba.

Lakini liko jambo linalonikosesha raha. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson alihesabu Wahindi 28 waliouawa, akaongeza kwamba walikuwapo pia Waafrika wengi ambao hawakuwekewa kumbukumbu yoyote rasmi. Mahali pengine alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza mifupa na nywele za simba hao walikadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Yaani tunapotaka kujua habari za ndugu zetu, tunauliza mwili wa aliyewala, kwa kuwa hakuna daftari. Muuaji alipata fundi wa kumrudishia uso wake, na macho ya kioo. Aliyebeba mawe ya daraja hakupata hata mstari mmoja wa wino.

Silaumu kazi ya fundi kwa hilo. Yeye alipewa ngozi, hakupewa majina.

Kanisani kwetu, Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, majina husomwa moja baada ya jingine. Mwaka huu nimemwomba mchungaji atuachie kimya kidogo baada ya jina la mwisho. Ameniuliza ni kwa ajili ya nani. Nimemweleza habari za Tsavo, naye amekubali.